MAKTABA NA MAJIRA YA KIANGAZI
Jinsi vitabu vilivyowafuata watu vijijini

Somo la historia kwa njia ya redio, kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima katika bonde la Kilombero. Maneno ya somo yamepigwa chapa hapa ili kila mwanafunzi ayasome tena pole pole baada ya kusikiliza.

   Walimu wa madarasa, tafadhali angalieni kwamba kila mtu ameketi mahali anapoisikia redio vizuri. Wazee wenye masikio mazito wakae mbele. Kina mama wenye watoto wachanga wakae karibu na mlango, ili mtoto akilia mama aweze kutoka na kurudi bila taabu.

Leo tutazungumza habari ya maktaba. Huenda mmoja wenu akasema, "Mwalimu, mimi ndiyo kwanza najifunza kuunganisha herufi. Maktaba ni ya wenye elimu kubwa. Yanihusu nini?" Basi nisikilizeni mpaka mwisho. Nataka kuwaonyesha kwamba maktaba yamhusu zaidi mtu aliyejifunza kusoma jana kuliko mtu aliyejifunza kusoma miaka 30 iliyopita.

1. Neno lenyewe

Tuanze na neno. Maktaba ni mahali vinapowekwa vitabu ili watu wavisome papo hapo au waviazime. Neno hili limetoka katika lugha ya Kiarabu, nalo lina ndugu zake ambao mnawajua tayari. Kitabu ni ndugu yake. Katibu, yaani mtu aandikaye habari za mkutano, ni ndugu yake. Mkutubi, yaani mtunza maktaba, ni ndugu yake pia. Yote yametoka katika shina moja lenye maana ya kuandika. Iandikeni ubaoni: KITABU, KATIBU, MKUTUBI, MAKTABA. Angalieni herufi K, T na B. Zimo katika kila neno.

Sasa, duka la vitabu si maktaba. Dukani mtu hununua kitabu na kukichukua kiwe chake. Maktabani kitabu ni cha watu wote. Leo kinasomwa na fundi wa baiskeli, mwezi ujao kinasomwa na mkulima wa mpunga, na mwezi wa tatu kinasomwa na mtoto wa shule. Kitabu kimoja chaweza kuwafaa watu 50 kabla hakijachakaa.

2. Kalenda ya bonde letu

Kabla ya kwenda mbali katika historia, tutazame jinsi sisi wa Kilombero tunavyoishi katika mwaka. Mambo ya kisomo hayawezi kuachana na mambo ya shamba.

Bonde letu limelala kati ya milima ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge upande wa pili. Masika yakija, mto Kilombero hufurika na mbuga huwa kama ziwa. Hapo ndipo penye mpunga. Wakati wa kulima, kupanda na kulinda, watu wengi huacha nyumba zao za kijijini na kwenda kukaa mashambani, mbali, kwa miezi kadhaa. Hujenga vibanda, na wengine hujenga madungu ya juu ili waone mbali. Mchana wanafukuza ndege, usiku wanafukuza nguruwe. Darasa la kisomo likiwa kijijini, na wanafunzi wakiwa dunguni, je, darasa hilo lina watu? Hapana. Lina mwalimu na ubao tu.

Kisha huja mavuno. Tangu Mei mpaka Julai mpunga unakatwa, unapurwa na kubebwa nyumbani. Maji yamekwisha kupungua, njia zimekauka, baiskeli zinapita. Watu wamerudi kijijini. Ghalani mna chakula. Ndiyo majira ya arusi, ya ngoma, ya kutembeleana na ya mikutano. Ndiyo kiangazi.

Kwa hiyo shikeni jambo hili: katika bonde la Kilombero kiangazi ni majira ya watu kukutana, na masika ni majira ya watu kutawanyika. Mpango wowote wa kusoma usiofuata kalenda hii utashindwa, hata kama vitabu vyake ni vizuri namna gani.

3. Msomaji mmoja, wasikilizaji wengi

Sasa turudi nyuma. Zamani za ukoloni, kabla vijiji havijajua maktaba, watu walisoma nini?

Mwaka wa 1923 idara ya elimu ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Mambo Leo. Lilitoka mara moja kwa mwezi. Mlikuwa na habari za nchi, mashauri ya kilimo na ya afya, hadithi, mashairi na barua za wasomaji. Wakati ule waliojua kusoma walikuwa wachache, lakini gazeti moja halikusomwa na mtu mmoja tu. Mwalimu au karani alisoma kwa sauti, na watu waliokaa naye barazani wakasikiliza, wakauliza, wakabishana. Kwa hiyo gazeti moja lilifanya kazi ya magazeti 20.

Baraza namna hiyo haikuwa na rafu wala mkutubi. Lakini lilikuwamo jambo lililo kubwa katika maktaba: maandishi yalikuwa mali ya watu wengi, na watu walikutana kwa ajili yake.

Hapa nawapa mfano mmoja wa bonde letu wenyewe. Mwaka wa 1935, London, kilipigwa chapa kitabu kikubwa juu ya Wabena wa bonde hili, ambalo wakati ule liliitwa Ulanga. Jina la kitabu ni Ubena of the Rivers, maana yake Ubena wa mitoni. Waandishi wake walikuwa A. T. Culwick, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mkewe G. M. Culwick. Ndani yake mna sura iliyotolewa na Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni. Basi historia ya watu wa hapa, pamoja na maneno ya mtawala wao, ilipigwa chapa ng'ambo, kwa Kiingereza, ikauzwa ng'ambo. Wenye habari zile wangapi waliweza kukisoma kitabu hicho? Wachache mno.

Sisemi kwamba kuandika kitabu kile kulikuwa kubaya. Hata leo kina faida kwa wanaotafuta habari za zamani. Nasema hivi: habari zikitoka kwenu na zisirudi kwenu, ninyi mmekuwa kisima ambacho wengine wanachota na mwenye kisima ana kiu. Maktaba ni njia moja ya kuyarudisha maji kwa mwenye kisima.

(Hapa mwalimu wa darasa asimamishe kidogo, aulize: Je, ni nani hapa darasani ana kitabu, gazeti au karatasi ya zamani nyumbani? Inasema nini?)

4. Sanduku la vitabu

Baada ya vita kuu ya pili, serikali za Afrika ya Mashariki ziliona kwamba shule zinatoa wasomaji, lakini wasomaji hao hawana vitabu. Mwaka wa 1948 ikaanzishwa idara moja kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iitwayo East African Literature Bureau. Makao yake makuu yalikuwa Nairobi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Charles Richards. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia waandishi, kutoa vitabu katika Kiswahili na lugha nyingine za Afrika ya Mashariki, na kuvifikisha vitabu kwa watu.

Lakini utavifikishaje vitabu mahali pasipo na nyumba ya maktaba? Wakatumia sanduku. Vitabu vilipangwa ndani ya sanduku, likapelekwa shuleni, kwenye klabu au kwenye nyumba ya mikutano ya watu. Mtu mmoja alikabidhiwa sanduku lile. Aliandika majina ya walioazima na siku ya kurudisha. Watu walipokwisha kuvisoma vitabu vile, sanduku lilirudishwa na jingine likaletwa mahali pake. Tena ilikuwako maktaba ya posta. Msomaji aliyekuwa peke yake mbali aliandika barua kuomba kitabu, naye akaletewa kwa posta.

Ndugu wanafunzi, msilidharau sanduku. Sanduku latufundisha kwamba maktaba yaweza kuanza bila saruji na bila bati. Lataka vitu vitatu tu: vitabu, daftari la kuandikia majina, na mtu mwaminifu. Kikikosekana kimoja katika hivyo, hata jumba la ghorofa halitakuwa maktaba.

5. Maktaba ya taifa huru

Mwaka wa 1960 S. W. Hockey, aliyekuwa akisimamia maktaba za East African Literature Bureau, alitoa taarifa yake juu ya maendeleo ya maktaba katika Afrika ya Mashariki. Alishauri kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba, kwa sheria. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Mwaka wa 1963 Bunge likapitisha sheria ya huduma za maktaba, na mwaka uliofuata Bodi ikaanza kazi.

Tarehe 9 Desemba, 1967, siku ya sikukuu ya uhuru, Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Fikirini nchi ilivyokuwa wakati ule. Katika kila watu wazima watatu, kama wawili hawakujua kusoma. Hospitali zilihitajiwa, barabara zilihitajiwa, maji yalihitajiwa. Hata hivyo serikali ikajenga nyumba ya vitabu. Kwa nini? Kwa sababu viongozi waliamini kwamba taifa lisilosoma litaendelea kuongozwa na wanaosoma.

Kutoka hapo maktaba zikafunguliwa mikoani. Morogoro, makao makuu ya mkoa wetu, ni mmoja wa miji yenye maktaba ya mkoa. Lakini Morogoro ni mbali na dungu la Mngeta. Swali likabaki lile lile la zamani za sanduku: kitabu kitamfikiaje mtu wa kijijini?

6. Kisomo, redio na vitabu vya vijijini

Usiku wa kuamkia mwaka wa 1970, Rais Nyerere alisema na wananchi kwa redio, akautangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni kubwa ya kufuta ujinga ikafuata. Ilianza katika wilaya sita, zikiwamo Mafia, Ukerewe na Masasi, kisha ikaenea nchi nzima. Madarasa yalifanyika shuleni, chini ya miembe, viwandani na kwenye nyumba za ibada. Mtihani wa taifa wa kisomo ulifanyika Agosti, 1975, na wakati huo watu zaidi ya 5,000,000 walikuwa wamejiandikisha katika madarasa.

Walimu walijifunza jambo moja mapema. Mtu mzima hataki kusoma habari za paka na mpira. Anataka kusoma habari ya kazi yake. Kwa hiyo huko Mwanza, katika mradi uliosaidiwa na UNESCO, vitabu vya kwanza vya kisomo viliandikwa juu ya pamba, migomba, ufugaji, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Na huko huko Mwanza zikaanza kujaribiwa maktaba za vijijini. Vitabu viliwekwa kijijini ili aliyemaliza darasa apate cha kusoma kesho yake.

Redio nayo ikashirikiana na kitabu. Mwaka wa 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikutana katika vikundi vya kusikiliza. Kwanza walisikiliza redio. Kisha mmoja wao alisoma kwa sauti kitabu kilichopigwa chapa kwa ajili ya kampeni. Baadaye wakazungumza: Je, ugonjwa huu uko kwetu? Unaletwa na nini? Tutafanya nini? Mwisho wakatoka wakafanya: wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakaondoa maji yaliyotuama. Watu wapatao 2,000,000 walishiriki. Mwaka wa 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai.

Angalieni mpango wake: kusikiliza, kusoma, kuzungumza, kutenda. Mambo manne. Darasa lenu la leo lafuata njia hiyo hiyo.

Na hapa Ifakara tuna sababu yetu ya kuukumbuka mpango huo. Mwaka wa 1957 wataalamu wa Uswisi, wakiongozwa na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, walifungua maabara hapa ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Mwaka wa 1961 kikaanza kituo cha kuwafundisha waganga wasaidizi. Kazi ile ya uchunguzi imekua mpaka kuwa taasisi kubwa, ambayo tangu mwaka wa 2008 inaitwa Ifakara Health Institute. Jina la Ifakara lajulikana kwa madaktari wa dunia nzima. Kati ya mwaka wa 1996 na 2000, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watu waliuziwa kwa bei nafuu vyandarua vilivyoitwa Zuia Mbu, pamoja na dawa ya kuvichovya. Uchunguzi ulionyesha kwamba watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walipona zaidi kuliko wale wasiolala ndani yake. Hiyo ni habari iliyotoka bondeni na kurudi bondeni, nayo imeokoa maisha.

Lakini fikirini: dawa ya kuchovya chandarua ilikuwa na kipimo chake, na kipimo kiliandikwa. Dawa ya mpunga ina kipimo chake, nacho kimeandikwa. Cheti cha kliniki cha mtoto kimeandikwa. Mwenye kusoma anajitegemea. Asiyesoma humtegemea jirani, na siku jirani hayupo, hukisia. Kukisia dawa ni hatari.

7. Herufi zinazosahauliwa

Sasa nafika penye jambo zito la somo letu.

Kampeni ya kisomo ilifanya kazi kubwa. Mwaka wa 1986 hesabu ya serikali ilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki kama 10 tu katika kila 100. Nchi nyingi zilitusifu. Kisha likaja sensa la watu la mwaka wa 2012. Likaonyesha kwamba watu wazima wanaojua kusoma ni kama 78 katika kila 100. Yaani wasiojua walikuwa kama 22.

Ni kweli kwamba hesabu hizi mbili hazikufanywa kwa namna moja, kwa hiyo tusizilinganishe kama vile kupima mpunga kwa debe moja. Lakini hata hivyo zatuambia kwamba tulirudi nyuma. Kwa nini?

Sababu ni nyingi. Vita na Idi Amin ya mwaka wa 1978 na 1979 ilikula fedha nyingi. Bei ya mafuta ilipanda. Karatasi ikawa adimu, vitabu vikawa adimu. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, na East African Literature Bureau ikafa pamoja nayo. Fedha za madarasa zikapungua, walimu wa kujitolea wakachoka. Watoto wengi katika miaka iliyofuata hawakumaliza shule. Na maktaba nyingi za vijijini zikabaki na vitabu vile vile, kurasa zikiliwa na mchwa, kisha zikafungwa.

Sasa chukueni mfano wa mama mmoja. Si mtu fulani, ni mfano tu. Alijifunza kusoma akiwa na miaka 30. Alipata cheti, akakitia ndani ya sanduku la nguo. Lakini nyumbani hamkuwa na kitabu hata kimoja, na kijijini gazeti halikufika. Mwaka wa kwanza alisoma maandishi ya kwenye mifuko ya sukari. Mwaka wa tano herufi ndogo zikaanza kumpotea. Mwaka wa kumi alipotakiwa kutia sahihi, alitia dole gumba. Je, mama huyu ni mvivu? Hapana. Alipewa jembe bila shamba. Jembe lisilolima hushika kutu.

Ndiyo maana nilisema kwamba maktaba yamhusu zaidi msomaji mpya. Msomaji wa zamani hata akikaa mwaka mzima bila kitabu, hasahau kusoma. Msomaji mpya akikaa hivyo, anaanza kusahau. Kwake yeye kitabu cha kuazima si anasa. Ni mvua ya kwanza juu ya mche.

8. Maktaba yenye watu

Sasa mtauliza: Je, tukipata vitabu, yatosha? Haitoshi. Ziko maktaba zenye vitabu na hazina watu. Kitabu hakimwiti mtu. Mtu humwita mtu.

Hata nchi tajiri zilijifunza hivyo. Huko Marekani shule hufungwa miezi mirefu wakati wa kiangazi chao, yapata Juni mpaka Agosti. Watoto waliporudi shuleni ilionekana kwamba wamesahau mengi. Basi tangu mwishoni mwa karne ya 19 maktaba za miji yao, hata miji midogo, zikaanza mipango ya kusoma wakati wa likizo. Zilianzisha vyama vya watoto wasomaji na saa za hadithi. Baadaye watu wazima nao wakapata mafunzo, maonyesho na mikutano yao humo humo. Maktaba ikawa baraza ya mji.

Sisi hatuna haja ya kuiga kila kitu. Lakini shauri lenyewe latufaa, kwa sababu sisi nasi tuna majira yetu ya kusahau na majira yetu ya kukutana. Kwao wanafunzi hutawanyika kiangazi. Kwetu hutawanyika masika. Basi kiangazi chetu, baada ya mavuno, ndicho kiwe majira makubwa ya maktaba. Na masika yakianza, kila msomaji aende shambani na kitabu kimoja, amekifunga vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kitako cha baiskeli. Dunguni mna saa nyingi za kungoja ndege. Mtu aweza kusoma ukurasa mmoja, akainua macho, akapiga kelele, akarudi kwenye ukurasa.

Mambo gani yaweza kufanyika wakati wa kiangazi? Nayataja machache, nanyi mtaongeza.

Kwanza, saa ya hadithi kwa watoto. Bibi au babu anasimulia, kisha mtoto mkubwa anasoma hadithi nyingine kitabuni. Watoto wanajua kwamba hadithi ya kinywa na hadithi ya kitabu ni ndugu.

Pili, kusoma gazeti kwa sauti, kama zamani za Mambo Leo. Siku moja kwa wiki, jioni, msomaji mpya mmoja asome habari moja fupi. Akikwama asichekwe. Anayecheka msomaji mpya anaua msomaji.

Tatu, siku ya bwana shamba au mganga. Mtaalamu anakuja kuzungumza habari ya mbegu ya mpunga, au ya malaria, au ya maji safi. Akimaliza, vitabu vya jambo lile viwe mezani tayari, watu waviazime wakati hamu ingali moto.

Nne, siku ya barua na hesabu. Wanaojua zaidi wawasaidie wengine kujaza fomu, kusoma risiti na kuandika daftari la mauzo ya mpunga. Mkulima anayejua kuandika idadi ya magunia yake hadanganywi kwa urahisi.

Tano, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: siku ya wazee na historia. Wazee wa Kindamba, Kipogoro, Kibena, Kimbunga na Kingindo wakae, waeleze habari za mto, za mitumbwi, za mafuriko makubwa, za reli ya TAZARA ilivyojengwa kupitia bondeni tangu mwaka wa 1970 mpaka 1975. Kijana mmoja aandike. Daftari lile liwekwe katika maktaba, liandikwe jina la kijiji na tarehe. Safari hii kitabu cha bonde kitakuwa bondeni, kwa lugha inayosomwa bondeni.

Mtu ataniambia kwamba sasa iko simu, na simu ina habari zote. Ni kweli kwamba simu yaweza kumletea mtu gazeti na kitabu. Anayejua kuitumia hivyo na aitumie. Lakini simu husomwa na mtu mmoja kimya kimya, tena yataka fedha ya kifurushi na umeme wa kuchaji. Kitabu cha maktaba hakichaji, na meza ya maktaba ina viti vingi.

9. Kazi yenu

Ndugu wanafunzi, historia tuliyoisikia leo yatuonyesha kwamba vitabu vilifika kijijini kila mara watu walipojipanga kuvipokea, na vilipotea kila mara watu walipomwachia mtu mwingine kazi hiyo. Serikali ina wajibu wake, na ni haki yenu kuukumbusha uongozi wa kijiji na wa halmashauri. Lakini kuweka daftari, kuchagua mtu mwaminifu na kukubaliana siku ya kukutana, hayo hayangoji bajeti.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kuazima: kuchukua kitu cha mwingine kwa muda, kisha kukirudisha.
Mkutubi: mtu atunzaye vitabu vya maktaba na kuwasaidia wasomaji.
Msomaji mpya: mtu mzima aliyemaliza kisomo karibuni.
Dungu: kibanda cha juu cha kulindia shamba.
Sensa: hesabu ya watu wote wa nchi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gazeti moja la Mambo Leo lilifanya kazi ya magazeti mengi?
2. Sanduku la vitabu lilihitaji vitu gani vitatu? Katika kijiji chenu, ni nani anayeweza kukabidhiwa sanduku?
3. Katika kampeni ya Mtu ni Afya vikundi vilifuata hatua gani nne?
4. Je, mnamjua mtu aliyejifunza kusoma kisha akasahau? Msimtaje jina. Elezeni kilichomfanya asahau.
5. Maktaba iliyo karibu nanyi iko wapi? Hufunguliwa siku gani na saa ngapi? Mchagueni mtu mmoja akaulize, alete jibu wiki ijayo.

KAZI YA KUANDIKA

Mwulize mzee mmoja habari moja ya zamani ya kijiji chenu. Iandike kwa mistari mitano. Andika jina la kijiji na tarehe ya leo. Walimu, kusanyeni karatasi hizo zote, mzishone pamoja kwa uzi, na mziweke mahali pakavu. Hicho kiwe kitabu cha kwanza cha maktaba yenu.